Matandazo ya Kuku si Matandazo ya Migomba

Mabira, jioni

Deo mwanangu,

Watu wakiandika barua huanza kwa kusema sisi huku ni wazima, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Mimi siwezi kuandika hivyo, maana huko mbali kwenyewe ni sebuleni. Nakusikia hapa ukicheka na shangazi yako Eudosia. Mimi niko jikoni kwenye kigoda, chungu cha ndizi kiko motoni, na kama ningeendelea kukaa nanyi huko ningemwambia dada wa baba yako maneno yasiyorudi mdomoni. Kwa hiyo nimechukua kalamu. Utaisoma kesho ukifika Rugera kwenye kazi yako mpya ya mabanda ya kuku, ukishakaa kwenye hicho kitanda chako cha msimamizi.

Sitakuandikia habari za soksi na mswaki. Umri wako si wa kukumbushwa kuoga, na sala unazijua. Nina hasira, Deo, na sehemu ya hasira hiyo ni yako wewe.

Mchana huu shangazi yako alikuwa anakupa nasaha za safari. Akasema, "Uwaangalie sana hao watu wa kuja. Kuku hawataki mkono mbaya." Na wewe ukacheka! Ukamjibu, "Nitawaangalia, shangazi, si ndiyo kazi yangu?" Baba yako naye akacheka. Mimi nikatoka nje nikajifanya naita mbuzi.

Sasa nikueleze kwa nini sikucheka.

Ulipokuwa shule ya bweni, ulirudi likizo moja ukakuta banda letu la kuku halina kitu, hata unyoya. Ukauliza, ukaambiwa kideri, ule ugonjwa wa kuku, kimepita. Ukauliza Domitila yuko wapi, ukaambiwa amehamia kwa ndugu zake Kaisho. Ukameza yote mawili, ukaenda zako kucheza mpira. Yote mawili yalikuwa uongo. Hakuna kideri kilichopita hapa, na Domitila hakuhama. Alifukuzwa.

Domitila unamkumbuka. Ndiye aliyekuwa akitupalilia kahawa, anakaa kwenye kile chumba cha udongo mwisho wa kibanja chetu, hili shamba letu la migomba na kahawa. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye amezaliwa hapa hapa Kyerwa, lakini kwa watu wa hapa hilo halikumfaa kitu. Msimu wa kahawa alikubeba mgongoni huku anachuma, na ulikuwa mzito, tena mwenye kelele. Nilipoanza kufuga, ndiye aliyenisaidia kuwapa kuku maji na chakula asubuhi nikiwa shambani.

Kufuga kwenyewe kulianza kwa mkutano. Mtaalamu wa mifugo alikuja kijijini akasema tuache kuku kuzurura, wanaliwa na mwewe na vicheche, tuwajengee banda. Nikafurahi sana. Akasema, "Na humo ndani wekeni matandazo ya kutosha, kuku wasilale kwenye udongo mtupu." Akafunga daftari lake, akapanda pikipiki, akaenda zake.

Matandazo! Hebu niambie, kwa mtu aliyezaliwa ndani ya kibanja, matandazo ni nini? Ni yale majani na nyasi tunayolaza chini ya migomba. Tunayalaza mazito ili yashike maji, yaoze taratibu, yalishe mizizi. Ukiyainua kiangazi ukakuta chini pamelowa na nyungunyungu wanajinyonga, unamshukuru Mungu. Bibi yako alinifundisha hivyo, na mama yake alimfundisha hivyo hivyo. Sasa huyu bwana anakuja na neno letu wenyewe, analitumia kwa kitu kilicho kinyume kabisa, halafu hafafanui! Ya mgomba yanatakiwa kushika maji. Ya kuku yanatakiwa kunywa unyevu na kuuachia, yabaki makavu kila siku ya Mungu. Neno ni moja, kazi zinapingana. Sisi sote tuliokuwa mkutanoni tulitikisa vichwa, tukaitikia "ndiyo, ndiyo," kila mmoja akiona migomba yake kichwani.

Mimi kwanza nilitandika nyasi. Nilikwenda kule bondeni nikakata nyasi nzuri, nikazianika zikakauka, nikazitandaza bandani. Wallahi zilipendeza. Zingefaa kama ningezikatakata fupi, maana nyasi ndefu hujisokota miguuni mwa kuku, zikalala na kugandana kama mkeka. Lakini sikupata nafasi ya kujifunza hilo, kwa sababu shangazi yako alikuja kutusalimu, akachungulia.

"Loo! Wifi! Umewatandikia kuku kama wageni?"

Unajua mwenyewe nyumba za kwetu. Noeli ikikaribia tunatandika nyasi mbichi sebuleni mpaka mlangoni, mgeni akiingia anajua ameheshimiwa. Basi shangazi yako akashika kiuno katikati ya uwanja wangu, akawaita majirani waje kuona. "Njooni muone! Sisi tukija tunakaa kwenye mkeka uliotoboka, kuku wake wanakaa kwenye nyasi za Noeli!" Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Baba yako hapendi kelele, akaniambia, "Ziondoe tu, mama Deo, yaishe." Nikaziondoa. Hilo ni kosa langu la kwanza, wala sikuhitaji mtu wa kuniambia. Niliacha kitu ambacho kingefaa kwa sababu kilichekwa.

Ndipo nikaenda kwenye mashine ya kukoboa kahawa. Msimu ulikuwa umeanza, makapi ya kahawa yamelundikana nje kama kichuguu, na mwenye mashine anafurahi ukimpunguzia. Migomba inayapenda yale makapi, unajua jinsi inavyonawiri. Nikasema kama migomba inayapenda, kuku ni nani wayakatae? Nikabeba magunia. Hayakuwa hata yamekauka, ule upande wa chini ya lundo ulikuwa umenyeshewa, lakini juu yalinukia vizuri, na mimi pua yangu ilikuwa juu. Nikayamwaga mazito, nikayasawazisha kwa reki. Niliridhika kweli.

Baada ya muda vumbi likaanza. Kuku wakiparua, vumbi linatimka mpaka linatoka dirishani. Sasa sikia alichofanya mama yako, mwanamke mwenye akili zake. Wewe ukitaka kufagia uwanja wenye vumbi, unafanyaje? Unanyunyiza maji. Mama yangu alinichapa kwa kusahau kunyunyiza maji. Basi nikachukua kopo nikanyunyiza humo bandani. Vumbi likatulia, nikajipongeza. Nikawa nanyunyiza kila likitimka, tena nikamfundisha na Domitila anyunyize. Yeye alifanya nilichomwambia. Shika hilo.

Ndipo kuku wakaanza kufa.

Hawakufa kwa kelele. Walikuwa wanasimama tu pembeni, mabawa yamelegea, mdomo wazi, wanavuta pumzi kama mtu aliyepanda mlima. Hakuna kukoroma, hakuna shingo kupinda, kinyesi hakikuwa cha kijani, kama inavyokuwa kwenye kideri. Leo amekufa mmoja, kesho wawili, keshokutwa hakufa hata mmoja, nikaimba kanisani, kisha siku iliyofuata nikakuta tetea wangu mweupe amelala chini. Nililia, Deo. Watu wanasema ni kuku tu. Nilikuwa nawajua mmoja mmoja.

Shangazi yako akasikia. Yeye harufu ya msiba huipata kabla ya wenye msiba. Akaja, akasema iitwe familia, tukae. Tukakaa humo humo sebuleni mlimokaa sasa. Domitila aliitwa pia, akasimama mlangoni, maana hakuna aliyempa kiti. Mimi ningeweza kumpa kiti. Niliona jambo lenyewe ni dogo, litaisha upesi.

"Nani anaingia bandani asubuhi?" shangazi yako akauliza.

"Mimi," nikasema.

"Na nani mwingine?"

Macho yote yakaenda mlangoni.

"Basi," akasema. "Kwao wana mambo."

"Mambo gani?" nikamuuliza.

"Wifi, usijitie hamnazo."

Hapo nikawaka. Nadhani hata jirani wa pili alinisikia. Nikasema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, huyu mama amenifanyia kazi miaka yote hajaniibia hata yai. Nikasema tumwogope Mungu. Halafu nikasema ni kideri, kila mtu anajua ni kideri, mnamtesa mtu bure.

Sikuwa najua kama ni kideri. Macho yangu yalikuwa yamekwisha kuniambia kwamba siyo, nimekueleza hapo juu jinsi walivyokufa. Lakini nilikuwa nataka kushinda, nikadaka neno lililokuwa karibu. Na shangazi yako, nimpe haki yake, si mjinga. Akaegemea kiti akaniuliza kwa upole kabisa, "Kideri gani hicho kinachoingia kwako tu, wifi, kwa majirani hakigusi hata kifaranga?"

Nikanyamaza. Na kule kunyamaza kwangu kukaonekana ni kukubali. Fikiria, banda lilikuwa pale nje, hatua chache tu, na hakuna hata mmoja wetu, mimi niliyepiga kelele wala yeye aliyeshtaki, aliyeinuka kwenda kuangalia kuku wanakanyaga nini. Tulikaa kwenye viti tukatafuta mtu.

Baba yako akakohoa kidogo. Akasema, "Domitila, hebu pumzika kidogo, mambo yatulie."

Pumzika! Mpaka leo nikisikia mtu anasema neno hilo damu inanichemka. Angesema ondoka, ningemheshimu. Mtu unamvunjia jina lake mbele ya watu halafu unamwambia apumzike, kana kwamba unamhurumia! Domitila akasema, "Asante, mzee." Akaniangalia mara moja, akatoka. Kesho yake chumba chake kilikuwa kitupu, kimefagiwa. Jembe letu alikuwa ameliosha akaliegemeza ukutani.

Kuku waliobaki wakaendelea kufa. Hapo shangazi yako alisema nini? Alisema yule mama amewaachia mambo yake. Yaani hata ameondoka bado ni yeye! Mtu wa namna hiyo utamshinda kwa hoja gani?

Banda lilipokuwa tupu, nikaenda kuzoa yale makapi niyapeleke kwenye migomba. Juu yalikuwa makavu, masafi, ungesema hata mtoto alazwe hapo. Nikapiga beleshi, nikainua. Mvuke wa moto ukanipiga usoni. Chini kulikuwa kumegandana mabonge mabonge, meupe na ya kijani kwa ukungu, na vumbi la ule ukungu likanipanda puani, nikakohoa mpaka nikashika mti. Na ile harufu ya mkojo! Machozi yalinitoka. Nikachutama palepale, na ndipo nikajua. Mimi nilikuwa naingia bandani nimesimama, pua yangu iko huku juu penye upepo. Kuku anaishi chini. Pua yake iko pale pale, usiku na mchana, inavuta ule ukungu niliokuwa naumwagilia maji mimi mwenyewe kwa kopo.

Sikumlilia mtu. Nilijaza karai, nikalibeba kichwani mpaka kwa Eudosia, nikaliweka mlangoni pake. Nikamwambia, "Huyu hapa mchawi wako. Mnuse."

Akaangalia. Akainama kidogo, akaziba pua. Nilifikiri sasa atasema kitu, mama huyu anayeongoza rozari kwenye jumuiya. Akasema, "Sawa, wifi, labda ni hayo." Akaongeza, "Lakini yule mama naye alikuwa na jicho baya."

Deo, kuna siku nilimwelewa mtu anayepiga mwenzake. Ilikuwa siku hiyo. Nikarudi kwa baba yako nikamwambia, akasema, "Yameshapita hayo." Nikamuuliza, "Yamempita nani?" Akavaa kofia akaenda kuangalia ng'ombe. Baba yako ni mtu mwema, sikuandikii umchukie, lakini wema wake una mguu mwepesi wa kuondoka. Na wewe umerithi kicheko chake, ndiyo maana naogopa.

Nikapanda bodaboda peke yangu nikaenda Kaisho. Nilimkuta Domitila anapalilia maharage ya watu. Akaacha jembe, akanikaribisha, akanikalisha kwenye kiti chake kimoja, yeye akakaa chini. Akanipa uji. Nikamweleza habari ya makapi tangu mwanzo, nikamwambia arudi, nimeshawaeleza wote kwamba kosa lilikuwa la makapi.

Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mama, mimi sikufukuzwa na makapi."

Nikainamia kikombe cha uji. Akaona nimeinama, akanionea huruma, eti yeye ndiye akanionea huruma mimi, akabadilisha mazungumzo. Akaniuliza, "Deo amefika kidato cha ngapi?"

Hayo ndiyo uliyofichwa. Mimi pia nilikuficha, kwa sababu ulikuwa mtoto, halafu kwa sababu ulikuwa na mitihani, halafu kwa sababu nilizoea. Leo imenibidi, na sababu ni hii. Jana ulipokwenda kununua ndala, yule mama wa Rugera mwenye mabanda alinipigia simu. Ana sauti nzuri, tena ana heshima, akaniamkia vizuri kabisa. Akasema amefurahi kumpata kijana wa nyumba inayojulikana. Nikamshukuru. Akaendelea, "Maana nina mfanyakazi mwingine hapa, ni wa siku nyingi, kazi anaijua, lakini ni Mrundi, simwamini. Kuku wakianza kufa sitajua nimshike nani. Nataka mwanao anikalie naye karibu."

Nikamuuliza, "Anaitwa nani huyo kijana?"

Akacheka. "Aa, sisi tunamwita Mrundi tu."

Amekaa kwake siku nyingi, kazi anaijua, na jina lake hawalijui! Umenielewa sasa, msimamizi? Wewe hujaajiriwa kwa sababu ya kuku. Kuku wanaye mtu wao. Umeajiriwa uwe jicho la bosi. Nikamweleza baba yako, akasema kazi ni kazi, usimkatishe mtoto tamaa. Nikanyamaza tena. Kisha leo mchana ukacheka, na kunyamaza kukanishinda.

Sikukatazi kwenda. Nenda. Kazi ni ngumu kupatikana na wewe unawapenda kuku, tangu utoto ulikuwa unalala na vifaranga ndani ya shati. Lakini nenda na ninachokijua mimi, maana kimenigharimu.

Ukifika, muulize yule kijana jina lake, umwite kwa jina hilo mbele ya bosi. Mwamkie kama amekuzidi umri. Halafu ingieni wote bandani, mchutame. Usiangalie banda ukiwa umesimama. Chutama mpaka uso wako ufike anapofika kuku, uvute pumzi. Macho yakiwasha, matandazo yamechoka, hata kama juu yanapendeza. Chota ya chini, si ya juu, uyaminye kiganjani. Ukifungua kiganja yakamwagika, ni mazuri. Yakibaki bonge kama tonge la ugali, yatoe, na usimsikilize mtu atakayekuambia yatakauka yenyewe.

Kama bosi atakuuliza ununue nini, mwambie maranda ya seremala, yale yanayojikunja yakitoka kwenye randa. Yananyonya maji na hayafanyi vumbi. Lakini nenda mwenyewe kwa seremala umwulize mbao zimepakwa nini. Zikiwa zimepakwa dawa ya mchwa, hata akupe gunia zima bure, mwachie. Usichukue lile vumbi laini la msumeno, vifaranga hudhani ni chakula, wanajaza koo na kufa njaa tumbo likiwa limeshiba. Ukikosa maranda, pumba za mpunga ni nzuri zikiwa kavu. Ukikosa hizo, hata majani makavu ya migomba au nyasi, ukizikata fupi na kuzigeuza kila siku. Watakucheka. Waache wacheke, wewe geuza. Na vyombo vya maji viinue juu ya tofali, maana pale vinapomwagika ndipo ukungu huanza. Makapi ya kahawa peleka kwenye migomba, ndiko kwao.

Lakini nakuambia kweli, hata ukifanya yote hayo kuku watakufa siku moja. Kuku ni kiumbe cha kufa. Na siku hiyo bosi atakuita pembeni, atakupa kiti, na soda labda. Ataongea polepole, kama mtu na mwanawe. Atakuuliza, "Unadhani ni nani?" Naijua hiyo sauti. Ni tamu. Ukimpa jina, utakuwa mtu wake, atakuongezea majukumu, na yule kijana ataambiwa apumzike. Wala hutahitaji kusema uongo. Shangazi yako hakusema uongo, aliuliza tu nani anaingia bandani.

Ukifanya hivyo, usinipigie simu kunieleza jinsi ilivyokuwa. Nitakuwa mama yako bado, nitakupikia ukija, lakini sitakuwa na cha kukuambia.

Hayo ndiyo niliyotaka kumalizia. Nilikuwa naikunja karatasi niiweke kwenye begi lako, chini ya mashati, uikute Rugera ukiwa peke yako.

Sasa hivi nimemsikia Eudosia anakuambia tena. "Hao watu, Deo, usiwape mgongo." Na nimekusikia ukisema, "Sawa, shangazi."

Hapana. Ng'o! Kwa nini uisome peke yako, mbali, kama kitu cha aibu? Domitila alisemwa mbele ya watu. Nikitia barua hii kwenye begi nitakuwa nimenyamaza kwa mara nyingine, safari hii kwa kalamu. Eudosia yupo, baba yako yupo, na miguu yake nitaizuia nikisimama mlangoni. Ndizi zimeiva, nimezitoa motoni, zitasubiri. Hakuna atakayekula humo ndani kabla sijaisoma barua hii yote kwa sauti, tangu neno la kwanza, na jina la Domitila nitalitamka kila lilipoandikwa.

Acha kucheka, mwanangu. Kaa vizuri. Naingia.

Mama yako